Thomas Cook: Seremala aliyegeuza Mto Nile kuwa kitega uchumi

MADEREVA wa kampuni za utalii wafikapo ufuo wa Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, huwakabidhi wageni wao kwa wenye mashua. Wageni hutazama viboko na ndege, kisha hurejea garini na safari ikaendelea. Kampuni iliyowaleta haihitaji kumiliki mashua wala injini. Hununua tu nafasi majini na kuiuza kwa bei moja pamoja na gari, chakula na malazi. Historia ya biashara ya namna hiyo haiwezi kusimuliwa bila kumtaja Mwingereza Thomas Cook.

Alizaliwa Novemba 22, 1808 mjini Melbourne, jimbo la Derbyshire. Baba yake alifariki Thomas angali mtoto mdogo, na alipotimu umri wa miaka 10 aliacha shule akafanye kibarua kwa mkulima wa mboga. Baadaye alijifunza useremala, akawa mhubiri wa Kibaptisti aliyezunguka vijijini kwa miguu, na adui mkubwa wa pombe. Chuki hiyo ya pombe, wala si tamaa ya fedha, ndiyo iliyomwingiza katika utalii. Mnamo Julai 5, 1841 aliwapeleka kwa treni watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough kwenye mkutano wa kupinga ulevi, nauli ikiwa shilingi moja kwenda na kurudi.

Mwaka 1846 alifilisika. Hata hivyo aliinuka, akapeleka wasafiri Scotland, Uswisi na Italia. Lakini biashara hiyo ilikuwa ya majira ya joto; baridi ilipoingia, wateja walipungua na ofisi ikakosa kazi.

Misri ilimpa jawabu. Huko, miezi ya baridi ya Ulaya ndiyo miezi mizuri ya kusafiri. Mapema mwaka 1869, Cook aliongoza kundi la watu wapatao 30, akakodi meli mbili za mvuke kupanda Mto Nile. Hapo awali, mgeni alilazimika kukodi mwenyewe dahabiya, jahazi la matanga la Kimisri, apatane bei na nahodha, kisha asubiri upepo kwa wiki nyingi. Meli ya mvuke ilifupisha ziara hiyo hadi takriban siku 20.

Faida kwa mwenye kampuni ilikuwa dhahiri. Chumba cha meli kilikuwa hoteli na gari kwa wakati mmoja. Mteja alilipa London kabla hajaondoka, hivyo fedha ziliingia kabla ya makaa ya mawe na chakula kulipiwa. Isitoshe, aliyekuwa majini hakuwa na mkahawa mwingine wa kukimbilia. Hatari ilikuwa moja, nayo ni kubwa: chumba kilichobaki kitupu meli ilipong'oa nanga kilikuwa hasara isiyofidika.

Aliyeikamua faida hiyo barabara ni mwanawe, John Mason Cook. Mwaka 1870 alipewa na mtawala wa Misri uwakala wa abiria wa meli za Nile. Mwaka 1884 serikali ya Uingereza ilimtwika kazi ya kusafirisha askari wapatao 18,000 kwenda kumwokoa Jenerali Gordon mjini Khartoum, ingawa walichelewa. Vyombo vilirudi vimechakaa, na badala ya kuendelea kukodi, John aliunda meli zake mwenyewe.

Uamuzi huo unastahili kutazamwa kwa makini na watu wa Karagita. Mto Malewa, unaomwaga maji yake Naivasha, hauwezi kubeba meli kama zile, na ziara ya mashua ziwani ni fupi mno. Hata hivyo, maadamu kampuni zinakodi, mwenye mashua anapata chake. Siku kampuni kubwa itakapoleta vyombo vyake, hali itakuwa nyingine, kama ilivyokuwa kwa manahodha wa dahabiya.

Baba na mwana hawakupatana. Thomas alichanganya biashara na kazi ya dini. John aliuona mwenendo huo kuwa ufujaji wa mali. Mwishoni mwa miaka ya 1870 mzee alisukumwa kando, akabaki akilipwa posho ya kila mwaka. Mwaka 1880 bintiye Annie alifariki, na miaka minne baadaye mkewe Marianne akafuata. Macho nayo yalipofuka. Kampuni ilipoadhimisha miaka 50 mwaka 1891, mwasisi hakuhudhuria karamu.

Thomas Cook alifariki Julai 18, 1892, naye John mwaka 1899. Wajukuu waliiuza kampuni mwaka 1928. Jina lilidumu hadi Septemba 23, 2019, kampuni iliyolirithi ilipoanguka kwa madeni na kuwaacha Waingereza wapatao 150,000 wakiwa ng'ambo, wakisubiri serikali yao iwarejeshe nyumbani.