Julius Kambarage Nyerere (1922–1999): Dini, Kura na Shule ya Kilakala

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa mtemi wa Wazanaki. Alibatizwa Desemba 1943, akiwa tayari kijana wa makamo ya chuo, na hadi kufa kwake alibaki Mkatoliki mwenye kushika ibada. Elimu yake na ajira yake ya awali vilihusiana sana na wamisionari: alifundisha St. Mary's, Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949, kisha akafundisha St. Francis, Pugu, mpaka alipoiacha kazi hiyo mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Chama chenyewe, hata hivyo, kilikulia katika mitaa ya Waislamu wa Dar es Salaam, kwa fedha na ushawishi wa watu kama Abdulwahid Sykes na Dossa Aziz. Bila kuuzingatia uhusiano huu wa pande mbili, ni vigumu kuuelewa msimamo wake wa baadaye kuhusu dini na kura.

Msimamo huo ulijaribiwa mwaka 1958. Katika mkutano wa Tabora, mwezi Januari, Nyerere aliwashawishi wajumbe wakubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya elimu, kipato na kazi. Zuberi Mtemvu alijitoa na kuunda chama cha African National Congress. Upinzani wa Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee la TANU, ulikuwa mzito zaidi, kwani uligusa nafasi ya Waislamu katika uongozi uliokuwa ukija. Takadir alifukuzwa. Hatua hiyo iliuhifadhi umoja wa chama, lakini hofu yenyewe ilikuwa na msingi: shule za misheni zilikuwa nyingi, na sharti la elimu halingeweza kuwagusa wote sawasawa.

Septemba mwaka huohuo Nyerere aligombea katika Jimbo la Mashariki, ambalo Morogoro ilikuwa sehemu yake. Mpinzani wake, Patrick Kunambi, alikuwa Mluguru mwenye cheo katika utawala wa jadi na mmoja wa waasisi 17 wa TANU. Naye pia alikuwa Mkristo. Nyerere alipata kura 2,628 dhidi ya 802. Ushindi huo hauelezeki kwa kabila wala kwa dini. Yafaa kukumbuka pia kwamba wakulima wengi wa Uluguru, waliosimama mwaka 1955 kupinga matuta ya lazima, hawakuwa na sifa za kuandikishwa.

Jibu la kiserikali kwa hofu ya mwaka 1958 lilichelewa zaidi ya mwongo mmoja. Huko Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, masista wa Maryknoll walikuwa wameanzisha Marian College kwa ajili ya wasichana. Kufuatia Sheria ya Elimu ya 1969 shule za madhehebu zilitwaliwa na Serikali, na Marian ikawa Shule ya Sekondari ya Kilakala. Katika kipindi hichohicho, Oktoba 1970, Nyerere aliwahutubia masista wa shirika lilelile huko New York, akilitaka Kanisa lijiunge na maskini katika kupinga mifumo inayowakandamiza, badala ya kutosheka na sadaka. Hapa alijenga hoja kama muumini, si kama rais tu. Hakuwa na usawa huo kila mahali: kupigwa marufuku kwa Jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki mwaka 1968, na kuundwa kwa BAKWATA, kuliwaacha Waislamu wengi na manung'uniko ambayo wasifu wa kumtukuza hupenda kuyaruka.

Mwaka 1995, akiwa ameshang'atuka, alihutubia Mei Mosi mjini Mbeya. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu sheria ya 1992 ulikuwa umekaribia. Alishambulia udini na ukabila katika kumtafuta rais, ingawa yeye mwenyewe baadaye alimpigia debe Benjamin Mkapa, Mkatoliki mwenzake na mwanafunzi wake wa zamani wa Pugu. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Kilakala imebaki shule ya Serikali, na wasichana wa Kiislamu na wa Kikristo husoma humo pamoja.