Mathias Mnyampala: Mgeni Aliyejenga

Jina la Marehemu Mathias E. Mnyampala (1917–1969) si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Kila ngonjera inapoghaniwa jukwaani, iwe Dodoma au Maua, athari ya kazi yake hudhihirika, ijapokuwa aghalabu yeye mwenyewe hatajwi.

Mnyampala alizaliwa Ihumwa, karibu na Dodoma, katika nchi ya ukame na ng'ombe. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kigogo. Kiswahili alijifunza, kama wanavyojifunza watoto wa Igembe waliolelewa kwa Kimeru. Alipata kuwa mwalimu, karani wa serikali na hatimaye hakimu. Kwa dini alikuwa Mkatoliki. Katika ushairi, basi, alikuwa mgeni mara mbili: hakuwa mtu wa pwani wala Mwislamu, ilhali tenzi kongwe zilitungwa na Waislamu wa mwambao kumsifu Mtume na kusimulia vita vya imani.

Ugeni huo haukumtisha. Alizishika kanuni za vina na mizani kwa bidii ya mtu asiyerithi kitu. Kisha akachukua chombo kile kile cha utenzi, akatia ndani yake imani yake mwenyewe. Utenzi wa Enjili Takatifu ulichapishwa mwaka 1963, na Zaburi nazo akazitungia utenzi. Wala hakuwasahau watu wake: mwaka 1954 kilikuwa kimetoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, alichokiandika kwa Kiswahili.

Hata hivyo, mashairi ya kusomwa faraghani hayakumtosha. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwakutanisha washairi mwezi Juni 1968, akawaomba waieneze siasa mpya kwa wananchi. Mnyampala, mwanachama shupavu wa Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania (UKUTA), alijibu kwa ngonjera: shairi la wahusika wanaobishana, asiyejua akielimishwa na ajuaye mpaka wakaafikiana. Ushairi ukatoka kitabuni ukaingia vinywani mwa watoto wa shule. Yeye hakuyaona mavuno yote. Alifariki Juni 1969, na Ngonjera za UKUTA zikachapishwa mwaka 1970 na 1971.

Wahakiki wamezilaumu ngonjera hizo kuwa zilitumikia siasa mno, na kwamba mshindi wa mabishano alijulikana kabla hayajaanza. Lawama hiyo ina ukweli. Lakini siasa ya ujamaa ilipofifia, umbo halikufa. Wanafunzi wa Kenya na Tanzania wangali wakilitumia kujadili mambo yao wenyewe.

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Mnyampala alicheza ugenini, akacheza hata ugenini pakawa kwao. Tawasifu yake, Maisha ni Kugharimia, ilichapishwa mwaka 2013, miaka arubaini na minne baada ya kifo chake. Gharama aliilipa mapema. Faida wanaila wengine.