Abraham Maslow: Ile piramidi unayoikariri chuoni hakuichora yeye

Kama umewahi kusomea ualimu, uuguzi au biashara, bila shaka umekutana na ile piramidi. Chini kabisa kuna chakula, maji na usingizi. Juu yake usalama, kisha kupendwa na kuwa na wenzako, kisha heshima. Kileleni, mahali ambapo wachache hufika, kuna kujitimiza, yaani mtu kutumia kipaji na uwezo wake wote. Mhadhiri anaichora ubaoni, wewe unainakili, mtihani ukija unaichora tena upewe alama zako. Basi, imeisha hiyo.

Jina linalotajwa na mchoro huo ni Abraham Maslow. Sasa shika hili kabla hatujaenda mbali: Maslow hakuuchora. Na funzo ambalo wengi hutoka nalo darasani, kwamba mwenye njaa hana haja na mapenzi, heshima wala ndoto mpaka kwanza ashibe, si lake pia. Ni funzo baya hasa kwa kijana ambaye hajapata kazi, manake linamwambia angoje, utu wake utakuja pamoja na mshahara. Hebu tumfuate jamaa huyu tangu mwanzo uone mawazo yake aliyatoa wapi.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1908 mtaani Brooklyn, jijini New York, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto saba. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka milki ya Urusi. Babake, Samuel, alikuwa fundi wa mapipa ya mbao. Pesa hazikuwa nyingi, lakini kilichomuumiza Abraham zaidi ni maisha ya mle nyumbani. Babake alikuwa akiikejeli sura yake mbele za watu, mpaka mtoto akaamini kweli kwamba yeye ni mbaya wa uso. Ikawa akipanda treni anatafuta behewa tupu, asije akawaudhi abiria wenzake kwa kutazamwa. Mamake, Rose, alikuwa akilitia friji kufuli. Siku moja kijana aliokota watoto wawili wa paka akawaleta nyumbani awalishe. Mama alipowaona aliwabamiza ukutani mpaka wakafa, mwanawe akitazama.

Hayo aliyasimulia mwenyewe akiwa mtu mzima. Rose alipofariki, Abraham alikataa kwenda kumzika.

Najua kwetu hilo ni jambo zito, mtu kutomzika mamake, na sikuombi umsifu kwa hilo. Ila bila kulijua hutamwelewa. Yeye mwenyewe alikuwa akikiri kwamba falsafa yake yote, kule kuamini kwamba binadamu ana wema ndani yake ukimpa nafasi, ilizaliwa kwa kukataa kila kitu alichokiona kwa mama yule. Babake ni habari nyingine. Walikuja kupatana baadaye, wakawa marafiki.

Nje ya nyumba pia hapakuwa na raha. Magenge ya vijana waliowachukia Wayahudi yalimvizia njiani. Kimbilio lake likawa maktaba ya mtaa, alikosoma vitabu kama mtu aliyeahidiwa kwamba kesho vitachomwa.

Alianza kusomea sheria kumridhisha babake, akaiacha. Tarehe 31 Desemba 1928, akiwa na miaka 20, alimwoa Bertha Goodman, binamu yake, ingawa wazazi hawakutaka. Tangu hapo, alikuwa akisema, ndipo maisha yake yalipoanza. Walihamia Chuo Kikuu cha Wisconsin, na huko, chini ya mtafiti Harry Harlow, Maslow alitumia miaka yake ya uanafunzi akitazama nyani wanavyogombea ubabe. Alipata shahada ya uzamifu mwaka 1934.

Saikolojia ya siku zile ilikuwa na kambi mbili kubwa. Moja ilimtazama mtu kama panya wa maabara: mpe zawadi atarudia, mwadhibu ataacha. Nyingine, ya Sigmund Freud, ilichimba magonjwa na tamaa zilizofichika akilini. Maslow aliipenda sana ile ya kwanza, mpaka siku binti yake wa kwanza alipozaliwa. Kutazama kile kitoto kikiwa na hasira zake, furaha zake na maajabu yake, aliona kuwa nadharia ya panya haitoshi hata kidogo. Nampenda kwa hilo. Wasomi wangapi hukubali kubadilishwa mawazo na mtoto mchanga?

Kuanzia 1937 alifundisha Brooklyn College, kwa wanafunzi ambao wengi walikuwa watoto wa wahamiaji kama yeye. New York wakati huo ilikuwa imejaa wasomi waliomkimbia Hitler. Mmoja wao, Max Wertheimer, pamoja na mwanaanthropolojia Ruth Benedict, walimvutia Maslow kupita kiasi. Si kwa akili tu. Walikuwa watu wakarimu, watulivu, wasio na haja ya kujionyesha. Maslow akaanza kuandika daftarini kwa nini hawa wawili wako hivi na wengine hawako. Hapo ndipo swali lake kubwa lilipozaliwa: kama wanasaikolojia wamesoma wagonjwa miaka yote hiyo, nani amewahi kumsoma mtu mzima wa afya?

Benedict ndiye aliyemhimiza aende kuishi kwa muda na jamii nyingine. Katika kiangazi cha 1938 Maslow alikaa na watu wa Blackfoot, wenyeji asilia wa Alberta, Kanada. Aliwakuta wengi wao wana utulivu wa moyo ambao hakuuzoea mjini, ingawa mali yao ilikuwa kidogo. Tajiri kwao alikuwa yule anayegawa. Mitandaoni siku hizi utakutana na dai kwamba wazo lake lote aliliiba kwao. Nadhani hiyo ni kutia chumvi, lakini kwamba walimtikisa, hilo ni kweli. Aliwaona kwa macho watu wasio na kitu ambao hata hivyo walikuwa na heshima na upendo tele.

Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, Maslow alikuwa akiendesha gari, akasimamishwa na gwaride dogo la kizalendo. Machozi yalimtoka. Aliwazia meza ambayo maadui wataketi siku moja kujadili amani, akaamua kazi yake iwe kutafuta maarifa yatakayofaa meza hiyo. Mwaka 1943 akachapisha makala yake kuhusu motisha ya binadamu. Ndiyo hiyo inayotajwa darasani.

Ukiisoma utashangaa. Haina piramidi. Ina mpangilio wa mahitaji, ndiyo, na inasema kwamba tumbo likilia sana mengine husahaulika. Lakini papo hapo inaeleza kwamba mpangilio huo si wa chuma: wapo wanaotanguliza heshima kabla ya kupendwa, wapo wasanii wanaobuni hata wakilala njaa, na wapo wanaoacha vyote kwa ajili ya imani yao. Tena anasema huhitaji kumaliza hatua moja ndipo uguse nyingine. Alitoa mfano wa namba za kukisia tu: mtu wa kawaida huenda ametosheka asilimia 85 kimwili, 70 katika usalama, 50 katika upendo, 40 katika kujiheshimu na 10 katika kujitimiza. Vyote kwa wakati mmoja, kila siku.

Mwaka 1947 afya ilimwangusha. Alipumzika kufundisha akaenda California kusimamia tawi la biashara ya mapipa ya familia yake. Kisha 1951 akahamia Chuo Kikuu cha Brandeis, na 1954 akatoa kitabu cha Motivation and Personality. Humo anawaeleza watu aliowaona wamejitimiza: Abraham Lincoln, Albert Einstein, Eleanor Roosevelt, Jane Addams na wengine. Hapa ndipo wakosoaji walipomkamata, na hawakumkosea. Nani alimpa ile orodha? Alijichagulia mwenyewe watu aliowapenda, wengi wao Wazungu maarufu, kisha akasema hivi ndivyo afya ya akili inavyofanana. Alipowapekua wanafunzi 3,000 wa chuo alimpata mmoja tu aliyefaa papo hapo. Kipimo kinachofaulisha mmoja kati ya 3,000 ni haki tukitilie shaka.

Sasa piramidi ilitoka wapi? Watafiti waliofuatilia suala hili wameikuta katika makala ya 1960 ya mshauri wa biashara aliyeitwa Charles McDermid, aliyekuwa akiwaeleza mameneja namna ya kupata kazi zaidi kutoka kwa wafanyakazi. Mchoro ni mzuri, unakumbukika, unaingia kwenye ukurasa mmoja. Ukaenea kama moto wa kichaka. Na piramidi, kwa umbo lake, inasema kitu ambacho maneno ya Maslow hayakusema: kwamba unapanda ngazi moja baada ya nyingine, na kwamba huko juu nafasi ni finyu.

Maslow hakuwa akijificha biashara lakini. Mwaka 1962 alikaa kiangazi kizima katika kiwanda kimoja cha California akitazama wafanyakazi wanaopewa uhuru. Ni kiangazi hichohicho ambapo yeye na Bertha walipotelewa na usiku kwenye barabara ya pwani ya Big Sur, wakaingia mahali fulani kuomba malazi. Mfanyakazi aliposoma jina lake alipigwa na butwaa, kwa sababu vijana wa pale walikuwa wakisoma kitabu chake kipya. Mahali hapo pakaja kuitwa Esalen, kituo ambacho vijana wa Marekani walimiminika kutafuta nafsi zao. Saikolojia ya utu, ile kambi ya tatu ambayo Maslow aliianzisha na wenzake kama Carl Rogers na Rollo May, ikatoka vyuoni ikaingia mitaani. Betty Friedan aliitumia mwaka 1963 kuuliza kwa nini mwanamke aishie jikoni. Abbie Hoffman, mwanaharakati aliyewapa serikali ya Marekani kichwa kuuma, alikuwa mwanafunzi wa Maslow pale Brandeis.

Mzee mwenyewe hakufurahia yote hayo. Mwaka 1966 akiwa Esalen anafundisha, mtaalamu mwenzake Fritz Perls alianza kutambaa sakafuni kama mtoto katikati ya somo. Maslow alikasirika. Aliona watu wamechukua neno kujitimiza wakaligeuza kuwa kujifurahisha.

Mwaka huohuo alijibu makala ya Viktor Frankl, daktari aliyenusurika kambi za mauaji za Wanazi. Frankl alikuwa ameona watu wasio na chakula, usalama wala jina, ambao bado walitafuta maana ya maisha na kugawa kipande cha mwisho cha mkate. Maslow hakubishana naye. Alimkubalia. Na katika miaka yake ya mwisho alianza kuandika juu ya hatua nyingine zaidi ya kujitimiza: mtu kujisahau kwa ajili ya wengine au kwa jambo lililo kubwa kuliko yeye. Hiyo kwenye mchoro wa darasani huwezi kuiona.

Mwishoni mwa 1967 alipata mshtuko wa moyo, mwaka aliochukua urais wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani. Aliacha kufundisha 1969 akahamia Menlo Park, California, apate muda wa kuandika. Tarehe 8 Juni 1970 alikuwa akifanya mazoezi ya kukimbia polepole nyumbani kwake moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 62. Makala zake za mwisho zilikusanywa na kuchapishwa 1971, na piramidi ikaendelea na safari yake bila yeye.