Mekatilili wa Menza na Jazanda ya Kuku Mwenye Vifaranga

Mnyazi wa Menza alizaliwa katika karne ya 19 miongoni mwa Wagiriama wa pwani ya Kenya. Simulizi zinaeleza kwamba kakake, Mwarandu, alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa asionekane tena. Alipomzaa Katilili, aliitwa Mekatilili, yaani mama yake Katilili. Jamii ilimtambua kupitia kwa mwanawe. Naye akaigeuza nafasi hiyo kuwa silaha.

Mnamo 1912, Arthur Champion alitumwa na serikali ya kikoloni kukusanya kodi na kuwatafuta vijana wa kufanya kazi za ujira mbali na kwao. Uongozi wa kaya ulikuwa mikononi mwa wazee wa kiume, na mwanamke hakutarajiwa kuhutubia umma. Mekatilili, aliyekuwa mjane, alipita vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga. Umati ulipokusanyika, alihutubia.

Inasimuliwa kwamba katika baraza la 1913 alimweka kuku na vifaranga mbele ya Champion, akamtaka achukue kifaranga kimoja. Alipojaribu, kuku alimdonoa.

Katika ngano nyingi, kuku ni kiumbe mnyonge wa uani na jogoo ndiye mwenye sauti. Mekatilili hakumgeuza kuku kuwa simba ili aheshimiwe. Aliuonyesha umama wenyewe, ambao ulitumiwa kumfungia mwanamke nyumbani, kuwa hoja ya kisiasa. Wazee walionyamaza waliachwa wakijipima na kuku.

Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni magharibi mwa nchi. Januari 1914 walitoroka na kurejea pwani kwa miguu. Agosti mwaka huo serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, naye akakamatwa tena. Alirudi kwao mnamo 1919, na inaaminika alifariki katika miaka ya 1920.

Mkakati wake si mgeni kwa wasomaji wa Othaya na Murang'a. Mnamo Machi 1922, Mary Muthoni Nyanjiru wa Murang'a aliwataka wanaume waliosita jijini Nairobi wabadilishane mavazi naye, kisha akauawa kwa risasi. Mmoja alitumia kuku, mwingine vazi. Wote waliugeuza unyonge waliobandikwa ukawa kioo cha kuwasuta wanaume. Mhakiki wa jazanda za wanyama hana budi kuuliza, kabla ya kumhukumu kuku kuwa ishara ya udhaifu, ni nani anayemtumia.