HENRY BATES NA NONDO MWONGO

Ukiona nyigu utatoka mbio, sivyo? Basi huko nchi za joto kuna nondo, ndugu ya kipepeo, mwenye kiuno chembamba na mistari ya manjano kama nyigu, kumbe hana mwiba hata kidogo! Ndege humwogopa bure. Aliyetufumbulia fumbo hilo ni Henry Walter Bates.

Alizaliwa Leicester, Uingereza, mwaka wa 1825. Aliacha shule akiwa na miaka kama 13, akawa mwanagenzi kwa mwuza soksi. Mchana kazi, usiku vitabu. Mwaka wa 1848 alienda mto Amazon, Brazil, na rafikiye Alfred Wallace. Mwenzake alirudi 1852, yeye akakaa miaka 11. Homa ilimpata, pesa zikamwishia, nguo zikararuka, lakini alikusanya aina zaidi ya 14,000 za viumbe, wengi wao wadudu.

Mwaka wa 1862 alieleza hivi: mdudu mtamu anayefanana na mdudu mbaya huachwa na ndege, akazaa; asiyefanana huliwa. Alifariki 1892.

Mimi hurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na siku hizo humkumbuka Bates, nikafungua kitabu. Elimu ni bahari, wenzangu!