Argwings-Kodhek, wakili wa waliokabiliwa na kitanzi

HALI ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru walijikuta washukiwa kwa kuzaliwa tu. Kuanzia Kiambu hadi Laare, kwenye milima ya Nyambene, mtu aliyepatikana na risasi angeweza kunyongwa. Hadi vita vilipokwisha, zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamepelekwa kitanzini.

Mwaka huo huo alirejea nchini kijana wa Gem, Nyanza, aliyekuwa amesomea sheria Uingereza. Clement Argwings-Kodhek, aliyezaliwa mwaka wa 1923, ndiye Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili. Serikali ilimpa kazi katika afisi ya Mwanasheria Mkuu, kwa thuluthi moja ya mshahara wa mzungu mwenye kazi hiyo hiyo. Akaikataa, akafungua afisi yake mwenyewe Nairobi.

Haukuwa uamuzi mwepesi. Jiji lilikuwa limegawanywa kwa rangi ya ngozi, na mkewe, Mavis, alikuwa mzungu kutoka Ireland. Wateja wenye fedha hawakuwa wakimtafuta wakili Mwafrika. Waliobisha mlango wake ni jamaa za waliokamatwa, wengi wao mikono mitupu.

Kesi hizo zilikwenda mbio. Kuanzia mwaka wa 1953 mahakama maalumu ziliundwa ili kuharakisha hukumu, na si ajabu washtakiwa wengi kusimama kizimbani pamoja. Mawakili wa Kiasia, A. R. Kapila akiwa mstari wa mbele, ndio waliobeba sehemu kubwa ya mzigo wa utetezi, na haki yao isisahaulike. Lakini Argwings-Kodhek alikuwa na jambo ambalo wenzake hawakuwa nalo: mshtakiwa alimwona Mwafrika mwenzake akimhoji afisa wa polisi mzungu mbele ya jaji, na afisa akilazimika kujibu. Kwamba yeye alikuwa Mjaluo, na waliokuwa hatarini ni watu wa Mlima Kenya, halikumzuia. Walowezi walimbandika jina la wakili wa Mau Mau.

Vyama vya kisiasa vya wilaya viliporuhusiwa mwaka wa 1955, isipokuwa Mkoa wa Kati, aliunda chama cha Nairobi. Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika Machi 1957, naye akashindwa na Tom Mboya kwa kura chache. Katika uchaguzi huo Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakupiga kura bila hati ya uaminifu kwa serikali. Hivyo wengi wa jamii alizozitetea mahakamani hawakuwa na sauti siku alipowahitaji.

Uhuru ulimpeleka bungeni kama mbunge wa Gem mwaka wa 1963, kisha akawa waziri, na hatimaye akasimamia mambo ya nchi za nje. Alifariki Januari 29, 1969, katika kilichoelezwa rasmi kuwa ajali ya gari kwenye barabara ya Hurlingham. Wapo waliokataa kuyaamini maelezo hayo, hasa baada ya Mboya kupigwa risasi Julai 5 mwaka huo huo. Barabara yenyewe ilipewa jina lake.