Arrhenius: Alipewa gredi ya chini kwa kueleza nguvu ya asidi

Ukizunguka soko la Mukurweini, Nyeri, utakutana na asidi bila hata kuitafuta. Kuna limau, kuna mala, kuna siki ya chipsi, na kwa fundi wa magari kuna maji ya betri ya matatu. Tatu za kwanza unaweka mdomoni. Ya nne ikikurukia, inatoboa nguo na kuunguza ngozi. Mbona zote ni asidi lakini nguvu si sawa?

Kutafuta jibu la swali hilo nusura kumharibie Svante Arrhenius maisha ya chuo.

Alizaliwa Februari 19, 1859 karibu na mji wa Uppsala, Uswidi. Baba yake alikuwa mpima ardhi. Akiwa na miaka mitatu alijifunza kusoma mwenyewe, na hesabu alizipenda tangu utotoni. Chuoni Uppsala hakuridhika na walimu wake, hivyo mnamo 1881 akahamia Stockholm kuchunguza jinsi umeme unavyopita kwenye maji yaliyotiwa chumvi au asidi.

Mnamo 1884 aliwasilisha tasnifu yake Uppsala. Alidai kwamba asidi ikiyeyuka majini, ni sehemu tu ya molekuli zake inayofanya kazi na kupitisha umeme. Sehemu hiyo ikiwa kubwa, asidi ina nguvu. Ikiwa ndogo, asidi ni dhaifu. Maprofesa hawakushawishika. Walimpa gredi ya chini, ambayo kwa kawaida haikutosha kumpatia mtu kazi ya kufundisha chuo kikuu.

Kijana hakukata tamaa. Alituma nakala kwa wanasayansi wa nchi nyingine. Mmoja wao, Wilhelm Ostwald wa Riga, tayari alikuwa amepima kasi ya kazi ya asidi mbalimbali. Alipolinganisha takwimu zake na za Arrhenius, kumbe zinaoana! Mwaka huo huo akafunga safari hadi Uppsala kumwona na kumpa nafasi ya kazi. Uppsala nao wakalegeza msimamo, wakampa nafasi ya kufundisha.

Kufikia 1887 nadharia ilikuwa kamili. Molekuli hupasuka zenyewe majini kuwa ioni, yaani vipande vyenye chaji, hata kabla hujaunganisha betri. Asidi ni kitu kinachoachilia ioni za hidrojeni. Asidi ya hidrokloriki, ile iliyo tumboni mwako, hupasuka karibu yote. Ya salfuriki, ile ya betri, huachilia hidrojeni yake ya kwanza karibu yote pia. Lakini asidi ya siki, ikichanganywa na maji kwa kiasi cha kawaida cha maabara, hupasuka molekuli kama 1 tu kati ya 100.

Kwa nini? Wanakemia waliomfuata walieleza kuwa inategemea jinsi hidrojeni ilivyoshikiliwa, na jinsi kipande kinachobaki kinavyotulia ikishaondoka. Chukua mala. Maziwa yakichacha, bakteria hugeuza sukari yake kuwa asidi ya laktiki. Asidi hii ina oksijeni moja zaidi ya ile ya siki, na oksijeni hiyo huvuta elektroni, hidrojeni ikapata njia rahisi ya kutoka. Kwa kipimo cha wanakemia, inaishinda ya siki kama mara 8, ingawa zote mbili ni dhaifu.

Lakini usidanganyike: dhaifu si salama. Asidi ya hidrofloriki ni dhaifu kwa kipimo hiki, ila inaweza kuua. Hata siki iliyokolea sana huunguza.

Mnamo 1903 Arrhenius alipata Tuzo ya Nobel ya kemia, Mswidi wa kwanza kutuzwa Nobel. Iliyompa ushindi ni nadharia iliyoanzia kwenye ile tasnifu ya gredi ya chini. Alifariki Stockholm Oktoba 2, 1927.

Siku mwalimu wako wa kemia atakapounganisha balbu kwenye asidi mbili zilizokolea sawa, moja iwake vizuri na nyingine ififie, utakuwa unaangalia kile kile maprofesa wa Uppsala walichokataa kuamini.